Likizo ya Vipande

12 Januari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mlangoni na chai yako ya pili, goti likiwa limeacha ugomvi. Mimi mwili haujambo, kichwa ndicho kinachoniuma, na sababu yake inabidi niiandike kwa kuwa simu huitaki. Ningekupigia kwa jirani yako Mama Cherehani, lakini najua utaniambia simu haiachi ushahidi.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mwaka uliopita nilikuja nyumbani mara mbili, na mara ya pili nilikukuta umelala, nikaondoka hata ndevu hujanyoa. Mapumziko yangu ni siku moja kwa wiki, na basi linakula saa nane kuja na saa nane kurudi. Likizo nayo ni ya mkupuo, siku ishirini na nane kwa pamoja, tena anapotaka Mkuu wa kituo, si ninapotaka mimi. Kwenye zamu yetu watatu wameshaacha. Kazi haikuwashinda. Mmoja alisema mwanawe mdogo akimwona anakimbilia nyuma ya mama yake kama kaona mgeni.

Juzi nilimpelekea Mkuu barua yangu. Hakuisoma. Alifungua droo akanitolea waraka mpya wa makao makuu. Kuanzia sasa askari anaweza kuikata likizo yake vipande, siku mbili hapa, nusu siku pale, hata kubadilishana zamu na mwenzake bila kuulizwa sababu. Wanataka watu waache kukimbia. Tena ananitaka mimi nishike daftari la likizo kwa mwaka huu wa majaribio, eti kwa sababu najua zamu inauma wapi. Sharti ni moja: zamu isishuke chini ya watu wanane. Ikishuka, makao makuu watasema mpango umeshindwa, na sisi tutarudi kwenye mkupuo wetu.

Nikibaki, nitakuja kwako kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi na kuondoka Jumatatu. Sina sababu nyingine ya kubaki. Nishauri, Baba. Barua ya kuacha kazi nimeikunja nikaiweka ndani ya kofia yangu ya kazi.

Mwanao

*

18 Januari

Kwa Sajenti, binti yangu,

Marahaba. Ilikuwa nikupigie saluti, maana cheo chako kimeupita ukoplo wangu, lakini goti ulilolitaja limegoma na hapa hakuna mkuu wa kulikaripia. Mengine yote salama. Jirani yangu Mama Cherehani anakusalimu. Bado anashona sare za shule na bado anaimba vibaya, nami namsikia vizuri kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja.

Habari ya likizo ya vipande nimeisoma mara tatu, nikacheka mara mbili. Enzi zetu likizo iliombwa kwa nakala tatu, na jibu lilikuja wakati shida yenyewe imeshazoeleka. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilivumilia miaka ishirini na nane, mbivu zikaja meno yameshaondoka. Kwa hiyo usiniombe niamini haraka. Serikali ikikupa kitu kwa mkono wa kulia, tazama wa kushoto umeshika nini.

Hata hivyo, baki. Hao vijana wako wakikukosa, daftari litashikwa na mtu anayependa kukataa, nami nawajua watu hao, nimefanya kazi chini yao. Hiyo barua iache ndani ya kofia, itakusaidia jua likiwa kali.

Njoo hiyo Jumamosi. Godoro nitalianika. Stendi sitakuja kukupokea, njia unaijua, na sina umri wa kusimama stendi kama muuza karanga. Kitabu changu cha matukio bado nakijaza kila siku kama vile nipo kaunta. Usinicheke. Lisiloandikwa halikutokea.

Baba yako

*

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na goti nalo nalipa pole. Kama godoro bado liko juani, liingize ndani, unisamehe.

Ijumaa jioni mwenzetu wa redio alilazwa na mtoto hospitali. Unajua mtu wa redio alivyo, asipokuwepo kituo kizima kiziwi. Aliomba siku mbili. Mimi nikiwa safarini na yeye hospitali, zamu ingebaki na watu saba. Ningeweza kumkatalia. Lakini mpango una mwezi mmoja, na yeye ndiye wa kwanza kuja kwangu akitokwa na machozi. Nilimwandikia ruhusa yake, nikachukua kiti chake.

Mtoto anaendelea vizuri. Mwisho wa mwezi huu nakuja, hilo liandike kwenye kitabu chako.

Mwanao

*

9 Februari

Sajenti wangu,

Marahaba. Hapa wazima, na mvua ya jana imeniondolea kazi ya kumwagilia.

Mtoto wa watu kwanza. Hukukosea kitu. Tena wala sikukungoja. Jumamosi ile nilikuwa nakata ua wa nyuma, nikasahau kabisa kuwa ni mwisho wa mwezi. Jioni Mama Cherehani ndiye aliyeniuliza mgeni yuko wapi, nikamwuliza mgeni gani.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji mwenyewe haumwi, kwa hiyo mgeni asiharakishe. Siku zako ziweke. Siku ya likizo ni kama akiba ya maji, usiioshee miguu.

Baba yako

*

3 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naona aibu hata kuuliza hali, maana nimenyamaza wiki nyingi na Jumamosi mbili zimepita bila mimi. Ya Februari, dereva wetu alifiwa na shemeji. Ya Machi, wawili walikuwa na mitihani ya jioni ambayo wameingoja miaka minne. Kila mara nikihesabu majina natoka na saba, na kila mara wa nane nakuwa mimi.

Lakini sikiliza. Kuna konstebo mmoja alikuwa ameshapata kazi ya ulinzi kwenye kampuni, amebakiza kurudisha sare tu. Nilimkatia likizo yake awe anatoka mapema siku za kliniki ya mkewe. Juzi alikuja kaunta akachana barua yake ya kuacha kazi mbele yangu, na vipande akanipa mimi. Tangu Januari hajaondoka hata mtu mmoja. Wananiita Mama Likizo, Baba. Mama Likizo ambaye hajachukua hata nusu siku, kama fundi viatu anayetembea peku.

Sasa nikuulize. Barua yako ya Machi ilikuwa na mistari minne, na mwandiko haukuwa wako. Nilimpigia Mama Cherehani, akaniambia miwani yako imevunjika kioo. Alinijibu kabla sijamaliza swali. Angekuwa mshukiwa, hilo ningeliandika. Nilitaka kumwuliza zaidi, ila simu ya kaunta ikalia. Je, ni miwani kweli?

Mwanao

*

10 Aprili

Sajenti,

Marahaba. Anayeandika ni Mama Cherehani. Maneno ni yangu, koma ni zake, na akipamba popote usimwamini. Ni miwani kweli. Niliikalia.

Konstebo aliyechana barua amenifurahisha hadi nikamsimulia fundi baiskeli, na yeye hakuniuliza. Enzi zetu mtu akichoka alikuwa anaugua au anakunywa. Hatukujua kuwa anaweza kwenda nyumbani nusu siku akarudi mzima. Kazi unayoifanya ni kubwa kuliko kukamata wezi wa kuku, nami nilikamata wengi.

Usihesabu Jumamosi. Mimi sizihesabu. Siku zako ziweke, mwanangu, hilo naomba ulishike.

Baba yako
(sahihi ni yangu mwenyewe, tazama)

*

28 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako usinifiche, nami yangu sikufichi: nimelala vibaya kwa sababu ya jana.

Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Begi lilikuwa chini ya kaunta, ndani nimekuwekea shati jeupe na miwani mipya. Ijumaa saa kumi akaja kijana wetu mdogo kuliko wote kuniomba siku tatu. Mkewe amejifungua kwa wazazi wake, naye mtoto hajamwona. Nikahesabu, nikapata saba.

Hapa lazima nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Ningeweza kuomba mtu kutoka zamu nyingine. Waraka unaruhusu. Lakini kuazima mtu kunaandikwa kwenye ripoti, na wiki ijayo makao makuu wanakuja kukagua. Nilitaka waikute ripoti safi, miezi sita bila doa. Watu wanatoka vituo vingine kuja kuuliza tumefanyaje, Baba. Nilipenda kuulizwa. Nikairudisha tiketi.

Sijui kwa nini nakuandikia haya wewe uliyekaa unaningoja. Au kama unavyosema, hukuningoja. Nijibu hata mistari miwili.

Mwanao

*

20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Leo sitakuuliza hali, nitakueleza yangu, na Mama Cherehani ameahidi kuandika bila kulia. Tutaona.

Miwani haikuvunjika. Ninaumwa tangu Februari. Daktari alinionyesha ini langu kwenye picha, akasema limechoka na halitapona. Nilimwuliza muda, akatazama dirishani. Mama Cherehani nilimwamuru akuambie ni miwani, kwa hiyo kosa hilo ni langu, usimlaumu. Sasa siwezi kutembea hadi kwenye ua.

Najua utasema kwa nini sikukuita. Nitakueleza kitu ambacho sikukueleza ulipokuwa mdogo. Mama yako alipolazwa ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa na likizo yangu ya siku ishirini na nane, nikaichukua yote. Nilikaa kitandani kwake kila siku, nikimlisha uji na kumsomea magazeti ya zamani. Siku ya ishirini na tisa nikarudi kazini. Siku mbili baadaye akafariki. Niliandika ombi kwa nakala tatu kwenda kumzika mke wangu. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, mara moja tu katika maisha yangu lilikuja siku hiyohiyo: likizo yako imekwisha. Wakati wanamshusha, mimi nilikuwa nalinda geti la ghala la mbolea. Nilifika siku ya tatu, udongo umeshakauka. Wewe ulikuwa umelala mgongoni kwa shangazi yako, na ulipoamka ukaniuliza nilikuwa wapi.

Tangu siku ile nilijifunza kuwa siku za askari ni chache na haziongezwi. Ukizimaliza kwa mgonjwa, maiti itazikwa na majirani. Ndiyo maana nilikuambia uziweke. Sikutaka ukae hapa unaniangalia, halafu siku yenyewe wakuambie likizo yako imekwisha. Nataka unizike wewe. Usije sasa, mwanangu. Zimebaki siku chache, nami nimevumilia makubwa kuliko haya.

Baba yako

*

23 Julai

Baba,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Shikamoo.

Sheria hiyo haipo tena. Haipo, Baba, mimi ndiye mwenye daftari. Siku za msiba ziko kando, kumi na nne, haziguswi hata kama likizo nimeimaliza yote. Nilidhani nimekueleza. Nilikueleza vipande, nikakueleza zamu, nikakueleza konstebo, hilo moja sikukueleza kwa sababu sikujua kuwa unaliuliza. Kila uliposema niweke siku zangu, nilifikiri unaniambia nifanye kazi kwa bidii.

Nina siku ishirini na nane nzima. Zote ni zako. Nimejiandika mwenyewe kwenye daftari kuanzia Jumamosi hii, na zamu ikibaki na saba, na ibaki na saba.

Tena nakuomba usijutie zile ulizokaa na Mama. Alikuona siku ishirini na nane. Ulimlisha uji. Kaburini angekuwa hakuoni. Mimi leo ningebadilishana na wewe bila kufikiri.

Barua hii inaondoka na basi la jioni. Mimi napanda la keshokutwa alfajiri. Saa nane mchana nashuka stendi. Mwambie Mama Cherehani aanike godoro.

Mwanao

*

4 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani kwako, kwa kalamu yako, na sijui barua hii naipeleka wapi. Lakini lisiloandikwa halikutokea, kwa hiyo naandika.

Mama Cherehani alinipigia Ijumaa saa tatu asubuhi. Begi lilikuwa limeshafungwa. Alisema uliamka, ukaomba kunyolewa, akakunyoa shavu moja, na alipogeuka kusuuza wembe ukawa umekwenda. Aliniuliza kama ni vibaya kumaliza shavu la pili. Nilimwambia amalize.

Nilikuja na tiketi ileile niliyokata kuja kukuuguza. Njiani nilikuwa najiambia kuwa angalau barua yangu iliwahi, kwamba Mama Cherehani alikusomea, ukajua kuwa siku za msiba ziko kando. Nilipofika nikaenda ofisi ya mabasi kuulizia. Barua ilikuwa bado kwenye sanduku lao. Karani alisema mzee huwa anakuja mwenyewe kuchukua, siku hizi humtuma fundi cherehani, na Ijumaa fundi hakuja. Alinipa nikasaini kuipokea. Kwa hiyo uliondoka ukihesabu siku zangu kwa sheria ya zamani.

Tulikuzika Jumapili. Nilikuwepo, Baba, tangu mwanzo hadi jembe la mwisho. Nilipewa siku zote kumi na nne, hakuna aliyebisha, wala sikuandika nakala tatu. Kituoni zamu haikushuka. Mtu wa redio alisikia, akawaambia wenzake, na asubuhi ile walijitokeza watu kumi. Yule kijana aliyepata mtoto alikuwa amechukua siku nyingine za kwenda kumwona, akazikatisha akarudi. Dereva alinilaumu kwenye simu, akasema, "Mama Likizo, mbona hukutuomba hata siku moja?" Kweli sikuwahi kuwaomba.

Mkuu naye alipiga. Alinipa pole, akanikumbusha kwa upole kuwa likizo yangu ya mwaka bado ni nzima, siku ishirini na nane, nimwambie ningependa kuzichukua lini. Nilimwambia nitafikiri.

Jana nilipanga vitu vyako, nikakuta kitabu cha matukio chini ya mto. Nilikisoma nimekaa sakafuni. Nimesoma vitabu vya namna hiyo miaka kumi na moja, sijawahi kusoma kama hiki.

31 Januari. Saa saba na nusu mchana: nimeelekea stendi kumpokea Sajenti. Saa nane: basi limefika. Hakuteremka. Saa kumi na moja: nimerudi. Hali shwari.

28 Februari. Saa saba: nimeelekea stendi mapema kwa sababu ya maumivu. Saa nane na robo: basi limefika. Hakuteremka. Hali shwari.

28 Machi. Nimeelekea stendi kwa baiskeli, nimebebwa na fundi baiskeli. Hakuteremka. Hali shwari.

Ya Aprili ni hivyohivyo, na ya Mei, ila mwandiko unazidi kulala. Ya Juni umeandika mstari mmoja: Nimeshindwa kusimama, lindo la stendi limeshikwa na Mama Cherehani hadi saa kumi na mbili jioni, hakuteremka, hali shwari. Nilikwenda kwa Mama Cherehani nikamwuliza kama ni kweli. Alisema ni kweli, alikwenda na kazi yake, akawa anashona vifungo palepale kwenye benchi. Alisema pia kuwa ua wa nyuma haujakatwa tangu mwaka jana. Nilitoka kuutazama. Umenipita kimo.

Kesho ninaukata. Jumamosi narudi kazini. Barua ile bado iko ndani ya kofia, na sijui nitaifanya nini.

Kitabu chako sikutaka kukiacha kimekatikia njiani. Baada ya maneno yako ya mwisho nimevuta mstari, nikaandika: 25 Julai. Saa nane mchana: basi limefika. Sajenti ameteremka. Yale maneno mawili unayofungia kila siku nimeshindwa kuyaandika.

Mwanao